Uji Nilionyweshwa na Mzee Gathogo

Mweiga, Nyeri
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi, nikitumaini goti lako limekubali kukunjika na kwamba wale kuku wako hawajamalizwa na kicheche. Mimi mwilini ni mzima. Nakula, nalala kidogo, na navaa zile soksi za sufu ulizonifumia. Wanafunzi wakiniona nazo ofisini wananyamaza, maana hawajui kama ni utajiri au ni umaskini. Macho yako je? Nimeandika herufi kubwa kwa ajili yake. Simu nimeacha kupiga kwa sababu unayoijua mwenyewe: siku hizi tukiongea ni kupigiana kelele, kisha unasema "haya, Mungu akubariki" na kukata kabla sijamaliza salamu. Barua huwezi kuikata. Nakuomba tu usiisahihishe kwa wino mwekundu kama ile ya Pasaka. Mimi ni Naibu Chansela wa chuo kikuu, Mama. Nikirudishiwa barua yangu na saba kwa kumi, uso wangu nitauweka wapi?

Wifi Rhoda aliniandikia kwamba mvua ya huko imekuwa nzuri na chai inachumwa. Huku pia imenyesha, na wakulima wanachimba waru, viazi vyao, kwenye matope. Nyumba ya mkuu wa chuo ni ile ile niliyokueleza, ya mawe, iliyojengwa na mzungu fulani wa zamani aliyependa ng'ombe kuliko watu. Asubuhi ukungu unashuka kutoka milima ya Aberdare mpaka unagusa dirisha, na mara nyingi inafika saa nne kabla sijaliona lango langu mwenyewe.

Sasa nisome polepole, usije ukadhani nimerukwa na akili. Nyumba hii ina mtu. Maisha yangu yote nimefundisha sheria ya ushahidi, na kila mwaka nimewaambia wanafunzi wapya kwamba hakimu hana haja na kitu kisichoonekana wala kushikika. Lakini kuna mtu anakohoa kwenye ua wangu kila asubuhi, mara mbili, kisha kimya. Ninamjua. Anaitwa Mzee Gathogo, na tulimzika kabla ya mvua hizi kuanza.

Alikuwa jirani yangu. Shamba lake limepakana na chuo, na ua wa kei-apple, ile miti ya miiba, ndio uliotutenganisha. Nilipokuja hapa sikuwa na mtu. Watu wa hapa ni wema lakini wana haraka, na wakiniona natoka huko kwetu Magharibi wananiuliza habari za kuku na ugali, wakicheka, kisha wanarudi kwenye lugha yao. Mzee hakuwa hivyo. Alisimama ng'ambo ya ua na fimbo yake, akakohoa mara mbili ili ajulikane yupo, nami nikatoka na kikombe changu cha chai. Aliniita Professa. Kila siku alikuwa na swali la sheria: ati ng'ombe akivuka mpaka akazaa huko, ndama ni wa nani? Ati mtu akiuziwa shamba na mlevi? Nilimjibu kwa uangalifu kuliko ninavyolijibu baraza la chuo. Baada ya muda nikazoea kuamka nikisikiliza kikohozi chake, na siku asipokuja chai haikuwa na ladha.

Aliishi na binti yake, Wangechi, mwanamke wa umri wangu hivi, aliyerudi nyumbani ndoa yake ilipovunjika. Ndiye aliyemwogesha na kumlisha mzee, na ndiye aliyelima ile sehemu ya chini yenye chemchemi. Amejenga hapo nyumba ya mbao, na ng'ombe wake ndiye anayenipa maziwa. Mzee alikuwa pia na wana wawili. Mmoja ana duka Nyeri mjini, mwingine yuko Nairobi. Walikuja Krismasi.

Siku moja, akiwa tayari hainuki kitandani, Mzee alituma niitwe. Nilimkuta na mzee mmoja wa kanisa lao aliyekuja kumwombea. Wangechi alileta kibuyu cha uji uliochacha, akamimina vikombe viwili, na babake akamwambia atoke aende kwa ng'ombe. Alipokwisha kutoka, Mzee akatuambia kwamba anayepewa kitu hafai kuwepo kikisemwa. Nilitabasamu, Mama, kwa sababu hilo ndilo ninalofundisha muhula mzima na wanafunzi hawalishiki.

Kisha akasema. Maneno yake nayaandika hapa kama yalivyotoka.

"Hii shamba ya chini, yenye maji, ni ya Wangechi. Isiuzwe. Vijana wako na ile ya juu, na mmoja ako na duka. Mimi siandiki. Nikiandika watasema ni Professa ameandika."

Alipumzika. Nikadhani amelala. Halafu akanigeukia.

"Wewe kazi yako itakubana. Nimeambia huyu mzee asikutaje, na Wangechi pia. Siku ikifika, utajileta mwenyewe."

Akatuambia tunywe. Alisema baba zao walichinja mbuzi ili waliosikia neno la shamba wale na wasisahau, lakini yeye hana mbuzi, na daktari amemkataza hata harufu ya nyama, kwa hiyo uji utatosha. Tukanywa. Ulikuwa mchungu kidogo na wa baridi, umekaa kibuyuni siku kadhaa, na alitutazama mpaka tukamaliza. Yule mzee wa kanisa alipangusa mdomo na kusema amina.

Hakumaliza mwezi.

Unajua sheria yetu inavyosema, maana nilikusomea mimi mwenyewe kutoka kwenye kitabu changu, siku ile ulipolala ukurasa wa pili. Neno la mtu anayekufa ni wosia halali, mradi watu wawili wasionufaika nalo walilisikia, na aliyelisema akafa ndani ya miezi mitatu. Watu wawili. Mmoja hatoshi, hata awe askofu.

Baada ya mazishi wale wana wawili walitaka kuuza sehemu ya chini, na Wangechi wakamwonyesha kipande cha mawe huko juu ahamie. Mzee wa kanisa akasimama mbele ya ukoo akasema alichosikia, na kwamba walikuwa wawili. Wakamuuliza wa pili ni nani. Akasema atajileta. Watu wakacheka, na mmoja akauliza kama wa pili ni malaika. Mimi sikuwepo. Nilikuwa ofisini, nikitazama ramani ya jengo jipya la kitivo cha sheria, lenye maktaba ya ghorofa mbili na chumba cha mahakama ya mazoezi. Jengo hilo ndilo nililoajiriwa kulileta. Na sehemu pekee karibu na chuo yenye maji ya kutosha kulijenga ni ile ya Wangechi. Mnunuzi ni sisi, Mama.

Sikuambii haya ili unihurumie. Nataka ujue nililitaka jengo lile. Nililitaka mpaka nikawa naliota, na kwenye ndoto nilisikia wanafunzi wakipanda ngazi.

Wangechi alikwenda mahakamani Nyeri kuzuia uuzaji. Baraza la chuo likakutana. Wakili wetu ni kijana niliyemfundisha mwenyewe, mwerevu, na alipoona jina langu kwenye meza alitabasamu kama mtoto aliyefika kwa mwalimu wake na kazi nzuri. Alieleza kesi yote kwa ufasaha. Shahidi mmoja, mzee wa miaka mingi, na wa pili hajulikani. "Prof, si wewe ndiye ulitufunza?" akasema. "Bila shahidi wa pili, hiyo ni stori tu." Wote wakacheka kwa adabu.

Mwenyekiti wa baraza, mtu mpole anayenisifu kila kukiwa na wageni, akaniuliza kama jirani, kama kuna jambo lolote ambalo chuo kinafaa kujua kuhusu marehemu.

Nikasema, "Nilikwenda kumjulia hali tu."

Mama, sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa ya Baba Mdogo Hezron. Ilikuwa na ile namna yake ya kuliangusha neno la mwisho, akitazama kofia yake. Mdomoni nikaonja uji uliochacha, waziwazi, hata nikaomba maji. Walidhani nimechoka, wakaahirisha kikao tukanywa chai, na chai ilikuwa na ladha ile ile.

Wewe na mimi hatujaizungumza siku ya Baba Mdogo kwa miaka mingi, na sina hakika unataka niizungumze. Lakini nadhani nimesahau nilivyofika hapa, kwa hiyo acha nijikumbushe. Nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa amelala chumba cha mbele, na akasema mbele yako na mbele ya Baba Mdogo kwamba shamba la kando ya kijito ni lako, utulelee hapo. Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria ya maji. Baada ya mazishi Baba Mkubwa akalichukua. Wazee wakamuuliza Baba Mdogo alisikia nini, na yeye, ambaye Baba alimsomesha, akasema, "Mimi nilikuwa nimetoka nje kidogo." Hawakuniuliza mimi, nilikuwa mtoto. Tukahamisha vyungu vyetu hadi kwenye nyumba ya walimu pale shuleni kwako, ukanikataza kulia njiani kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Jioni ile nilikuambia nitasoma mpaka nijue kumfanya mtu kama yule aseme. Ulidhani ni hasira ya mtoto. Haikuisha. Niliingia nayo chuo kikuu Nairobi, nikavuka nayo bahari, nikaandika tasnifu yangu ya uzamifu katika chumba ambacho madirisha yake yaliganda. Niliandika juu ya maneno ya watu wanaokufa na wale wanaoyasikia. Kitabu changu kinanukuliwa mahakamani. Niliwafundisha wanafunzi ambao sasa ni mahakimu. Nikawa mkuu wa idara, nikawa mkuu wa kitivo, nikapewa chuo kizima. Watu wanasema nilipanda haraka. Ukweli ni kwamba katika kila ukurasa nilikuwa namhoji mtu mmoja tu, na sijawahi kumpa nafasi ya kujibu.

Na nilipofika mahali pake, nilisema yale yale aliyosema yeye. Nimeona aibu, Mama. Sijui neno jingine.

Kikohozi kilianza kesho yake. Nilikuwa nimeketi mezani, ukungu bado umeziba dirisha, nikakisikia kwenye ua. Mara mbili. Nilisimama kabla sijakumbuka. Nikatoka mpaka kwenye kei-apple, na hapakuwa na mtu, isipokuwa ng'ombe wa Wangechi aliyekuwa akitafuna na kunitazama. Nikajiambia ni ng'ombe. Siku ya pili nikajiambia ni bomba la maji. Siku ya tatu nilikuwa bado nimo chumbani navaa, nikakisikia, na nilipokwenda kunywa chai nikakuta vikombe viwili mezani. Mama Njeri, anayenisaidia kazi za nyumba na hutoka mtaa wa Skuta kila asubuhi, alikuwa amesimama na birika mkononi. Nikamuuliza mgeni ni nani.

"Nimeskia Mzee amekohoa," akasema, "nikaweka kikombe." Kisha akakumbuka. Tulitazamana. Alilirudisha birika jikoni, na siku hiyo aliondoka mapema.

Tangu hapo naishi na mambo mawili, kikohozi asubuhi na uji mdomoni kila ninapotia sahihi kitu. Nimekwenda kwa daktari wa meno. Nimekwenda kwa mchungaji, nikamweleza nusu, naye akaniombea ile nusu. Usicheke.

Lakini kilichonitesa kuliko yote ni Wangechi. Hakuacha kuniletea maziwa. Babake amekufa, kaka zake wanataka kumtoa, chuo changu kinataka kulichimba shamba lake, naye kila asubuhi anafika jikoni na mkebe, ananisalimu, anauliza kama nimelala vizuri, anaondoka. Hakuniangalia kwa jicho baya hata mara moja. Nilianza kumchukia kwa hilo. Nilitaka anitukane, nami nipate cha kukasirikia.

Alhamisi iliyopita nilimzuia mlangoni. Nikamuuliza kwa nini haniulizi. Nilimwambia anajua kwamba nilikuwa ndani, yeye mwenyewe ndiye aliyenimiminia uji.

Aliuweka mkebe chini. "Baba alinikataza," akasema. "Alisema shahidi akikumbushwa, watasema alifunzwa. Ati nikungoje tu."

"Na nisipokuja?"

Alifikiri. Ni mtu asiyejibu haraka. "Basi nitahama," akasema. "Lakini maziwa nitaleta. Wewe ulikuwa rafiki yake."

Akaondoka. Nililia jikoni, Mama, nimesimama, na safari hii hapakuwa na mtu wa kunikataza.

Ijumaa nilikwenda kwa mwenyekiti wa baraza. Nilimweleza kila kitu, chumba, mzee wa kanisa, maneno, uji, na pia uongo niliousema mbele yake. Hakupandisha sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kalamu yake, akasema nilifikirie jina langu nililolijenga kwa miaka hii yote. Nikamwambia ndilo ninalolifikiria. Akasema basi itakuwa vizuri nichukue likizo kuanzia kesho, na kwamba baraza litaniandikia. Najua barua ya namna hiyo inavyosema, nimeziandika nyingi. Yule wakili kijana alinipigia jioni. Akaniuliza kama ana ruhusa ya kunihoji kwa ukali. Nilimwambia akinionea huruma nitamnyang'anya shahada yake.

Kesi ni Jumatano, Nyeri. Nitakula kiapo na nitasema nilichosikia. Wataniuliza kwa nini nilikaa kimya, na hilo pia nitalisema. Sijui hakimu ataamua nini. Huenda akasema mtu aliyeficha neno mara moja hafai kuaminiwa mara ya pili, na mimi ningekuwa hakimu ningelipima jambo hilo kwa makini. Nikishindwa, Wangechi atahamia kwenye mawe kwa sababu nilichelewa. Hilo linanitisha kuliko kupoteza kazi.

Usidhani kikohozi kimekoma kwa kuwa nimeamua. Leo kabla ya kanisa kimekuja tena. Nimefungua dirisha, ukungu ukaingia mpaka mezani, nikaitika, "Niko, Mzee." Sikujibiwa. Nikakaa hapo na chai yangu mpaka jua likatoka.

Basi nitandikie kile kitanda cha chumba cha nyuma, kama Rhoda hajakijaza magunia. Huenda nikarudi kabla ya Krismasi, na safari hii sitakuwa na dereva wala gari la chuo. Nitakuja na vitabu vyangu na maboksi, na utaniambia nimekonda.

Nisalimie Rhoda na watoto wake wote, na yule wa mwisho mwambie shangazi yake hajasahau viatu. Msalimie Senje, yule shangazi yangu, umwambie dawa yake ya kifua imenisaidia, hata kama sivyo. Wasalimie walimu wenzako wastaafu wanaokuja kucheza bao kwako na kukudanganya kwamba umeshinda. Mchungaji pia.

Na sasa salamu ambayo hujawahi kuiona kwenye barua yangu yoyote. Msalimie Baba Mdogo Hezron. Najua huja kwako Jumapili, na najua humpa chai, na kwa miaka mingi nimekukasirikia kwa ajili ya chai hiyo bila kukuambia. Usimwambie nimemsamehe, sijafika huko. Mwambie tu kwamba Jumatano nitasimama, na kwamba sasa najua inavyokuwa mdomoni. Halafu ukishammiminia kikombe chake, mwulize alisikia nini siku ile. Sogeza kiti upande wa sikio lako la kulia, lile linalosikia, na umwite Rhoda akae hapo, muwe wawili.

Mimi mwanao,
Loice